Kubatizwa Tusikojulikana

Sababu ya safari ilikuwa tangi. Pale kwetu Laini Saba, Kibera, makanisa ni mengi kuliko vioski, na vioski vyenyewe huwezi kuvihesabu ukamaliza kabla ya Krismasi, lakini kanisa lenye tangi la kumzamisha mtu mzima sikulijua hata moja. Jirani yangu Musyoka, fundi wa kuchomelea vyuma aliyetoka Kitui, alikuwa amempata mchungaji wa Kawangware mwenye tangi. Mchungaji alitaka kila anayebatizwa aje na mtu anayemjua vizuri, akiwa mwema na akiwa mbaya.

"Mwalimu, si utanisindikiza?" Musyoka akaniuliza. Huniita Mwalimu tangu nimalize shule ya jioni, na mimi sijawahi kumkataza.

"Yule mbaya namjua," nikamwambia. "Huyo mwema ndiye bado tunamtafuta."

Jumapili asubuhi tukatoka kwa miguu. Mvua ilikuwa imeacha matope ya kumeza ng'ombe na pembe zake. Tukayapa mgongo maghorofa ya Nyayo Highrise, tukafuata reli pamoja na kina mama wa kanisa waliovaa nguo nyeupe pe, viatu vizuri mkononi, ndara za matope miguuni. Musyoka alibeba taulo na suruali kavu kwenye mfuko, akitembea kana kwamba maji ya Kawangware yatanyweka yaishe kabla hatujafika. Nikamwambia tupitie chai. Akakataa. Alikuwa amefunga, na kwa bahati mbaya mimi nikafungishwa naye.

Dagoretti Corner tulisimama kukwangua viatu kwa kijiti. Hapo akauliza, bila kuniangalia, "Mwalimu, unajua kwa nini sikutaka kubatizwa karibu na nyumbani?"

"Si tangi?"

"Tangi ni sababu ya mdomo tu."

Nusu ya kwanza ya habari hii Kibera nzima inaijua. Mwaka juzi mashine ya Musyoka ya kukata vyuma ilipotea. Akiwa amelewa, akamwona Otieno, kijana wa kijiji cha Raila, hapo hapo Kibera, akipita na gunia mgongoni, akapaza sauti: "Mwizi!" Kwetu neno hilo halisubiri ushahidi; umati ukamshukia. Otieno alipona, ila mguu mmoja haukunyooka tena, na jina la mwizi likambakia.

Nusu ya pili nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Kesho yake Musyoka aliikuta mashine pale pale alipokuwa akinywa pombe, alipoiacha mwenyewe. Akaificha, akanyamaza.

"Nataka nioshwe mbali," akasema. "Nirudi nikiwa safi, na mtu asiniulize."

Tukaendelea kutembea.

Kawangware tulifika nyimbo zimepamba moto, mabati ya kanisa yakitetemeka kama yameokoka nayo. Nyuma ya kanisa lilikuwapo tangi la saruji lenye ngazi, na mbele yake foleni ya watu wa makanisa mbalimbali. Karibu kabisa na ngazi, amevaa joho la kubatiziwa, alisimama Mama Otieno.

Hilo hatukulifikiria! Kumbe kanisa lao la Raila nalo halina tangi.

Musyoka akageuka rangi ya jivu. Akaenda mwisho wa foleni. Kila aliyekuja nyuma yake, akampisha. Mchungaji, aliyekuwa ndani ya maji hadi kiunoni, akamwona.

"Ndugu wa Kitui, mbona unarudi nyuma? Maji ni baridi?"

"Wacha hawa waingie kwanza, pastor. Mimi nikiingia nitawachafulia maji."

Watu wakacheka. Mama Otieno hakucheka. Akatoka kwenye nafasi yake, akaja kusimama nyuma ya Musyoka.

"Basi mimi nitaingia baada yako," akasema. "Lakini niambie kitu kimoja, Fundi. Ile mashine ilipatikana?"

Musyoka akamgeukia.

"Ilipatikana, Mama Otieno. Kesho yake. Niliiacha mimi mwenyewe kwa pombe."

Mama akafumba macho. Alilishika joho lake akalisokota kama nguo inayokamuliwa, nami nikajua kwamba kama angemzaba kofi, hakuna ambaye angemzuia. Mwishowe akasema, "Ingia."

Akaingia. Mchungaji akamzamisha kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, Musyoka akaibuka akikohoa, na sikuweza kutenganisha machozi na maji. Mawimbi hayajatulia, Mama Otieno akashuka ngazi, akazamishwa katika maji yale yale.

Mama Otieno akaagana na aliyemsindikiza, tukarudi watatu. Nilitarajia nyimbo njiani. Sikusikia ila viatu vyetu. Karibu na reli Musyoka akajaribu: "Mama, asante kwa kunisamehe."

"Sijamaliza, Fundi. Nimeanza. Leo nimeweza kuanza tu. Na jina la mtoto wangu, kamrudishie mwenyewe."

Raila tulifika jua limewaka. Otieno alikuwa ndani, mguu ameunyoosha juu ya stuli. Musyoka akapiga magoti, akamweleza yote bila kuruka kitu. Otieno akaushusha mguu kutoka kwenye stuli.

"Umeokoka lini?"

"Leo."

"Sawa. Lakini mimi ulinisema huko njiani, watu wakiwa wengi. Sasa hapa ndani ni nani atasikia?"

Musyoka akaniangalia. Sikumsaidia. Akainuka, akatoka hadi katikati ya njia, penye wauza mboga za sukuma na watu wanaotoka makanisani.

"Otieno si mwizi! Mimi Musyoka ndiye nilidanganya! Mashine niliipoteza mwenyewe!"

Milango ikafunguka. Mtu akauliza, "Anasema nini huyo?"

Otieno alikuwa amejikokota hadi mlangoni, mama yake akimshika mkono. "Rudia, Fundi," akasema. "Wa kule chini hawajasikia."

Nikiulizwa ni wapi nilimwona Musyoka akitakata, nitajibu kwamba maji ya Kawangware yalimfungulia njia. Lakini nilimwona kwa macho yangu pale Raila, jasho likimtiririka, sauti imekauka, akishuka mlango kwa mlango na kurudia.