Injini Isiyokula Oili

Injini ambayo shemeji yangu aliifunga kwa mikono yake kwenye gari lake la milango miwili ilikufa Nyololo, siku ya Jumapili, mbele ya mabanda ya chai, dada yangu akiwa ameketi ndani na sanduku lake la bati magotini. Dada alitakiwa kuripoti chuo cha uuguzi Iringa kesho yake asubuhi. Asiporipoti, nafasi yake angepewa mwingine. Aliambiwa hivyo waziwazi, na wote ndani ya gari lile tulijua. Mimi nilikuwa nyuma, mahali ambapo waliolitengeneza gari hawakukusudia kuweka binadamu.

Watu waliosikia habari hii baadaye walimhurumia shemeji. Mimi sikumhurumia, na nitaeleza kwa nini.

Tulikuwa tunaishi Iyunga, pembeni mwa mji wa Mbeya: dada, mumewe na mimi. Shemeji alikuwa afisa. Ofisi gani, haina maana. Alikuwa na meza, simu iliyofanya kazi baadhi ya siku, na watu wa kumwamkia. Gari alilipata kwa mzungu mkulima wa tumbaku wa Iringa aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa jekundu, limelala chini, lina pua ndefu kama ya mbwa wa kuwinda. Ukiwa ndani yake barabarani, ulichokiona ni kanyagio za baiskeli na magoti ya watu. Injini yake ya Kiingereza ilipasuka siku shemeji alipomimina maji ya baridi kwenye injini iliyokuwa inachemka mlimani. Lawama akawatupia Waingereza.

Mtu mwingine angeliuza kama chuma chakavu. Shemeji aliliweka juu ya mawe nyuma ya nyumba, akalifunika turubai, na kila alipopita alilipapasa kama anayempa pole mgonjwa.

Injini mpya, ambayo haikuwa mpya, ilitoka kwenye gari la Kijapani lililopinduka njia ya Tunduma. Ililetwa nyumbani juu ya lori la viazi, ikashushwa uani, nasi tukaizunguka. Ilikuwa ndogo, mviringo, kama pipa lililolala. Shemeji alitangaza kwamba haina pistoni hata moja. Mezani jioni ile alichukua sambusa, akaizungusha ndani ya bakuli, akatueleza kwamba ndani ya injini kuna vyuma viwili vya pembe tatu vinavyozunguka namna ile, pembe zake zikikwaruza ukuta wa chumba daima, na kwamba hayo ndiyo maendeleo. Kisha akaila sambusa. Ndiyo elimu yote aliyokuwa nayo kuhusu injini ile, na sidhani kama iliongezeka baadaye.

Katika majuma hayo hayo ndipo nafasi ya dada ilipopatikana. Alikuwa ameiomba mara mbili. Baba yetu alisafiri kutoka kijijini, nje kidogo ya Iringa, kuja kumwomba mkwewe ruhusa kwa heshima zote. Shemeji alikubali kwa sharti moja, alilolitamka mbele ya wageni huku akinyoosha mgongo.

"Mke wangu hatakwenda chuo kama mzigo wa basi. Nitampeleka mwenyewe."

Baba akashukuru. Dada aligeuza uso dirishani. Nje kulikuwa na gari jekundu juu ya mawe, halina injini wala magurudumu ya mbele. Mabasi ya Iringa yalikuwa yanapita kila siku mwendo mfupi kutoka mlangoni petu.

Wasaidizi wa shemeji walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mwenye duka la spea mjini, mtu wa asili ya pwani aliyezaliwa Mbeya, mwenye kauli tamu na mikono safi. Sikuwahi kumwona ameshika spana. Alishika tochi, mchana kweupe. Wa pili alikuwa binamu yake shemeji, fundi wa mashine za kukoboa mpunga kutoka Ubaruku. Huyu spana alizishika kweli, na ndiye aliyekuwa hatari zaidi.

Walikutana kila Jumamosi. Winchi ya mnyororo waliitundika kwenye milingoti mitatu ya mkaratusi. Injini ya Kiingereza ikatoka, ya Kijapani ikaingia ikipwaya kama mtoto ndani ya koti la baba yake. Mabano ya kuishikilia yalichomelewa kutokana na vyuma ambavyo sikuuliza vilitoka wapi. Miaka ile reli ilikuwa inajengwa, na vyuma vilikuwa vinatembea. Rejeta ilikuwa ya pikapu. Sakafu ilipoizuia giaboksi, waliipiga sakafu kwa nyundo mpaka ikasalimu amri. Dada aliwapelekea chai na viazi vya kuchemsha, akarudi ndani kupanga sanduku lake, akalipangua, akalipanga tena. Siku moja aliuliza kama itakuwa tayari kwa wakati. Mwenye duka alimjibu kwa niaba ya wote kwamba wanawake wana haraka na vyombo ni vya kubembelezwa.

Nitasema ukweli: iliwaka. Sauti yake ilikuwa ya nyuki waliofungiwa kwenye debe, na kila shemeji alipoondoa mguu, ekzosi ilipiga kishindo hadi majirani wakatoka nje. Na gari lilikwenda. Lilikwenda vizuri kuliko walivyostahili wale walioliunda. Kama wangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika.

Tatizo ni kwamba lilikula oili. Halikuivujisha, chini palikuwa pakavu. Lilikula tu, kidogo kidogo, kila safari, na oili siku zile ilipatikana kwa kujuana. Lakini si uhaba uliowakera. Ilikuwa aibu. Kwetu, kuanzia Tunduma hadi Iringa, mtu akitaka kulitukana gari lako hasemi ni bovu wala ni la zamani. Anauliza tu, kwa upole, kama linakula oili. Mwenye lori anayeongeza oili hujificha nyuma ya boneti kama mtu anayejisaidia. Na sasa afisa mzima, mwenye injini ya maendeleo, alikuwa anatembea na kopo la oili chini ya kiti.

Fundi wa Ubaruku alilivalia njuga jambo hilo.

"Injini inayokula oili ni ng'ombe mwenye minyoo, mkubwa," alisema. "Unamlisha, anakonda. Nipe Jumamosi moja nimpe dawa."

Jumamosi hiyo aliinama ndani ya boneti asubuhi nzima. Alipoinuka alikuwa ameshika ushindi. Kulikuwa na kipampu kidogo ubavuni mwa injini, na kutoka hapo mirija miwili myembamba iliyopanda kwenda kwenye kabureta. Ndani ya mirija kulikuwa na oili. Oili ilikuwa inapelekwa kuchomwa pamoja na petroli! Wote watatu waliitazama mirija ile kwa hasira ya watu walioibiwa.

"Bwana wee," alisema mwenye duka, "Mjapani kakosea."

Hakuna aliyejiuliza kwa nini kiwanda kizima kiweke pampu na mirija kwa kazi ya kupoteza oili. Waliibana mirija kwa koleo, wakaiziba kwa lehemu. Kuanzia siku hiyo alama ya oili kwenye kijiti cha kupimia haikushuka. Shemeji alikichomoa mbele ya kila mgeni, akakipangusa, akakichovya, akakionyesha. Fundi alidai dawa ni yake. Mwenye duka alidai wazo la kuziba lilikuwa lake. Miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, mtu aliyezijua injini hizo alinieleza kwamba oili ile ndiyo iliyolainisha ncha za zile pembe tatu zinapokwaruza ukuta. Ukiikata, ncha zinalika hadi hazizibi kitu. Hakuwa amemaliza kueleza nilipoanza kucheka.

Tuliondoka Iyunga Jumapili alfajiri, kwa sababu miaka ile magari madogo ya watu binafsi, si malori wala mabasi, yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kuokoa mafuta ya nchi. Ningemshauri aende Jumamosi. Jumamosi alikuwa analing'arisha. Hadi Chimala gari lilikwenda. Kuanzia Makambako lilianza kuchoka kwenye vilima. Mabasi yalitupita, na shemeji akasema anaiachia injini nafasi ijivute. Lakini lilikuwa linakwenda, na Iringa haikuwa mbali tena.

Nyololo hatukuwa na haja ya kusimama. Nalisema hili kwa sababu yeye alilikana baadaye. Hatukuwa na njaa, maji hayakuwa yanachemka, petroli ilikuwepo. Kulikuwa na madereva wa malori wamekaa kwenye mabanda wakinywa chai, na wakageuza vichwa. Basi. Alipaki, akazima, akafungua boneti, akawachomolea kijiti.

"Haili oili," aliwaambia. "Hata tone."

Walivutiwa kwa adabu. Mmoja aliuliza pistoni ziko wapi, na shemeji akatafuta kitu cha pembe tatu cha kumwonyesha. Alipomaliza somo alirudi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Stata ilizunguka kwa wepesi wa ajabu, kama cherehani isiyo na uzi, bila kushika popote. Alijaribu mpaka betri ikanung'unika. Madereva walitusukuma kwenda, wakatusukuma kurudi. Walibadilisha plagi. Walimwaga petroli kwenye kabureta. Mmoja wao, akijipangusa mikono, alisema anaona ni kama ndani hamna kitu.

Dada hakutoka garini muda wote huo. Saa nane ilikuwa inakaribia; hata kama lingewaka, lisingeruhusiwa kuendelea. Dereva wa lori la mchele wa Ubaruku, aliyekuwa anaelekea Iringa, alimsogelea akamwambia, "Mama, mbele kwangu kuna nafasi."

"Mke wangu hapandi lori," alisema shemeji kutoka chini ya boneti.

Dada alifungua mlango, akashuka na sanduku lake, akasimama mbele yake.

"Basi washa gari," alimwambia.

Shemeji alitazama injini. Watu wote wa mabandani walitazama injini. Dada alisubiri kwa haki kabisa, muda wa kutosha mtu kuwasha gari, kisha akampa dereva sanduku na akapanda. Nilipanda nyuma, juu ya magunia. Tulipoondoka shemeji alikuwa anakipangusa kijiti.

Dada aliripoti kesho yake asubuhi, vumbi bado masikioni, na nafasi yake akaipata. Ningependa kuishia hapo. Likizo ya kwanza ilipofika alikwenda kwa wazazi wetu, kwa kuwa ni karibu, naye shemeji akaleta salamu kwamba asithubutu kupanda basi, anakuja kumchukua na gari mara tu atakapopata ncha mpya za zile pembe tatu, maana injini ilipofunguliwa zilikutwa zimelika. Hakuzipata. Likizo ya pili hakuzipata pia.

Hapo wazee wakaitwa, na hapo ndipo jambo lilipokwama. Kwetu, mke aliyepelekwa kwao na mumewe hufuatwa na mumewe. Aliyeondoka mwenyewe hurudi mwenyewe. Upande wetu ulisema shemeji ndiye aliyempeleka, kwa hiyo amfuate. Upande wake ulisema hakumpeleka: alimfikisha Nyololo tu, na kutoka hapo mwanamke alimwacha mumewe barabarani akapanda lori la mtu mwingine, kwa hiyo arudi kwa miguu yake. Mzee mmoja aliuliza, na sikuona akitabasamu, kama kila mmoja asogee nusu njia, wakutane Nyololo. Baba alikataa Nyololo. Shemeji alikataa basi. Dada, alipoulizwa, alisema anasubiri kuambiwa alikwenda au alipelekwa.

Alimaliza chuo, akapangiwa kazi huko huko Iringa. Mahari haijarudishwa, talaka haijatajwa, na kikao kile kiliahirishwa ili wazee wakafikirie. Mpaka ninapoandika haya hakijaitwa tena.