Mbegu za Maharagi mu Saloni ya Baridi

Wakati vita ilitufukuza Nyabiondo, kwetu milimani, wengine walibeba magodoro. Mimi nilibeba mbegu. Ni yale maharagi yanayopanda juu ya miti, mama mukwe wangu alinipa siku nilipoolewa, na yeye alipewa na mama mukwe wake. Kwetu mbegu ya namna ile haitafutwi sokoni. Ukiipoteza, siku ya kurudi utarudi kwa shamba tupu, na utazunguka kwa watu kuomba kama yatima.

Tulishuka mpaka Walikale kwa miguu. Kule joto ni ingine. Unaamka asubuhi, nguo iko na maji sawa vile umeitoa mutoni. Nilipata fasi ya kulala mu stoo ya mufanyabiashara mumoja wa kutoka Butembo, muntu wa kanisa, mwenye duka na lori. Majina ya watu wote wa nyumba ile ninayo kichwani, hata jina walilomupa jogoo, lakini hawakuniomba niyaandike.

Kwetu mbegu inakaa juu ya jiko, moshi unailinda. Mu ile stoo moto ulikatazwa, kwa sababu mule kulikuwa mapipa ya mazutu, mafuta ya lori. Kiisha wiki chache nikafungua mufuko, nikakuta unga. Wadudu walikuwa wameanza kutoboa. Njiani sikulia hata mara moja. Pale nililia.

Sasa, mu saloni ya yule mufanyabiashara, Papa tulivyomuita, kulikuwa mashine ya baridi, climatiseur. Aliinunua kwa ajili ya muke wake, aliyezoea baridi ya milima yao, na joto la Walikale lilimuvimbisha miguu. Ilikula courant, umeme wa groupe, ile mashine ya mazutu iliyokuwa inanguruma nyuma ya nyumba. Nikaenda kwa yule muke.

“Mama, nipe kafasi nyuma ya kiti, niweke mbegu yangu. Baridi itawalaza wadudu.”

“Weka, dada. Lakini usiitumainie ile mashine sana. Papa amechoka nayo.”

Na kweli alikuwa amechoka. Lori la mazutu lilikuwa limekwama tena njia ya Hombo. Kila magaribi alichovya fimbo mu pipa, akaangalia mazutu imefika wapi, akatikisa kichwa.

“Hii mashine inakula kuliko lori!” alisema. “Pipa hii ikiisha, ninaiuzisha. Muke wangu atajipepea na kifuniko.”

Nilitazama ile pipa kama vile muntu anatazama mugonjwa. Ikiisha, mbegu yangu imekwisha.

Siku moja nilikuwa ninachagua maharagi pa mulango wa saloni, wazi sawa siku zote. Nikaona kuku za jirani zimelala pa kizingiti, mabawa wazi, macho yamefungwa, raha tu. Nikazifukuza, zikarudi. Nikaweka mukono pale zilipolala. Baridi ilikuwa inapita juu ya vidole vyangu sawa maji, inatoka inje, inaenda barabarani. Na nyuma ya nyumba groupe ilikuwa inalia bila kupumzika, kama mwanamuke anayepanda mulima na muzigo.

Njo nikaelewa. Ukipika maharagi, kuni mingi zinaenda pa kuanza, mpaka yachemke. Kiisha unafunika sufuria, unavuta kuni inje, kamoja kanatosha. Lakini ukiiacha wazi, utachoma kuni mpaka jua lizame. Ile saloni ilikuwa sufuria bila kifuniko. Mazutu yote ya yule Papa ilikuwa inapoza Walikale muzima pamoja na kuku zake.

Na juu ya nini mulango ulikuwa wazi? Juu ya heshima. Kwetu milimani, na kwao pia, mulango ukifungwa muchana, nyumba ile iko na kilio, ao iko na wachoyo wanaokula kwa kujificha.

Nikamwambia Papa. Akacheka mpaka akashika tumbo.

“Wewe, Mama wa maharagi, unajua nini ya mashine?”

“Mashine siijui, Papa. Ninajua sufuria. Funga mulango kesho, kiisha uchovye fimbo yako.”

Muke wake ndiye aliogopa. “Batasema tunakula nyama peke yetu!”

“Mimi nitakaa pa baraza. Mwenye kuja nitamusalimia, nitamufungulia.”

Asubuhi tukafunga. Tukaziba matundu ya dirisha na vitambaa. Nikakaa na kapo yangu ya maharagi. Jirani yetu, yule mwenye mudomo, hakukawia.

“Eh, dada! Leo munapika mbuzi ya nani?”

“Ya kwako. Ingia uitafute.”

Akaingia, nikafunga nyuma yake. Alitoka mbio amejifunika kitenge mpaka masikio. “Bantu! Mule si nyumba, ni mulima! Nimeona pumzi yangu!” Alidanganya, lakini uongo ule ulitusaidia. Muchana kutwa watu walikuja kuona mulima, nikafungulia kila mumoja na kufunga mbio, na hakuna aliyeongea tena habari ya nyama.

Na groupe? Ilishusha sauti, ikalia kidogo, ikashusha tena. Ilikuwa inapumzika sawa mupishi aliyekwisha kuvuta kuni.

Magaribi Papa alichovya fimbo. Akaifuta na shati, akachovya tena.

“Fimbo inadanganya.”

“Fimbo haina mudomo, Papa.”

Akachovya mara ya tatu, kiisha akaita muke wake kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: “Mama! Kuja! Haikukula hata nusu ya jana!” Wakanitazama wote wawili, na mimi nikainua kapo yangu juu ya kichwa nikacheza pale pale kati ya mapipa. Mashine haikuuzwa. Pipa ile ilingojea lori, lori likafika.

Mbegu yangu ilikaa nyuma ya kiti mpaka njia ya kwetu ilipofunguka. Nilipotikisa mufuko, ililia kama changarawe, kavu. Nikaibeba mugongoni, nikapanda nayo milima yote.

Nyumba nilikuta imeungua. Nilipanda kwanza, nikajenga kiisha. Udongo ukapasuka, maharagi yakatoka mustari kwa mustari, yakakamata miti, yakapita kichwa changu. Majirani waliorudi mikono mitupu walikuja na vikapo, na kwa mara ya kwanza tangu vita ianze, mimi ndiye nilikuwa muntu wa kuombwa. Nikawapa wote. Musimu uliofuata kilima chetu kizima kilivaa maharagi ya mama mukwe wangu, kutoka mutoni mpaka kanisani, na mimi nikatembea katikati polepole, mikono nyuma, kama chifu mwenye inchi.