Mama Mmoja wa Tororo

Jirani yangu hapa Kansanga hukaanga simsim kila Jumamosi asubuhi, na kila Jumamosi asubuhi mimi hufunga dirisha. Si kwamba naichukia harufu yake. Naipenda mno, hasa pale mbegu hizo za ufuta zinapoanza kurukaruka kwenye sufuria na moshi kunukia utamu ulio karibu kuungua. Nafunga kwa sababu ikishaingia ndani hainiachi nifanye kazi, na kazi yangu ni kutunga hadithi, kazi ambayo hata bila simsim ina visingizio vya kutosha.

Harufu hiyo ni ya Mama Lamaro. Nilipokuwa na miaka tisa tuliishi kwenye kambi ya polisi, Naguru, katika vile vibanda vya bati vya duara vilivyotuoka mchana na kututetemesha usiku. Baba alikuwa konstebo, Mwislamu wa Arua, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Mama alikuwa Mkenya kutoka Busia, mlokole wa kulokoka kabisa. Mama Lamaro, Mwacholi, naye mke wa konstebo, alikaa kibanda cha pili kutoka chetu. Alikuwa akisaga simsim pamoja na karanga kwenye jiwe, kisha anatupakia mimi na binti yake Lamaro kwenye viazi vya moto, nasi tunalamba vidole mpaka viwiko, mahali ambapo hata simsim yenyewe haikufika.

Mama yangu alikuwa mpatanishi wa kambi. Hakuna aliyempa kazi hiyo, lakini wanawake wakigombana kwa sababu ya kamba ya nguo, watoto au waume, waliishia mlangoni petu. Alikuwa na namna yake. Aliwakalisha wagomvi wawili chini, akaweka ungo mmoja wa maharage katikati yao, akawaambia wachambue. Mikono ikiwa na kazi, macho yanainama, na mtu aliyeinamisha macho hana budi kusikiliza. Kisha Mama, akisonga ugali au kufuma, angeanza taratibu: "Kulikuwa na mama mmoja, kule Tororo..."

Huyo mama wa Tororo alikuwa na makosa yote duniani. Wiki hii alikuwa mchongezi, wiki ijayo alikuwa mwenye wivu, safari moja alimmwagia jirani maji ya vyombo, kama vile mke wa sajenti alivyofanya siku mbili nyuma. Kila mtu alijua anayesemwa, na hakuna aliyesemwa. Kabla maharage hayajaisha, mmoja wao angecheka au angelia, na mambo yangekwisha. Nilimwamini huyo mama kwa moyo wote. Niliwahi kumwombea, kwa sababu niliona maisha yamemzidi.

Sasa nifike kwenye siku ya mvua. Mama Lamaro alikuja mchana, bati likipigwa na mvua hata ikambidi aseme kwa sauti kuliko alivyotaka, nami nilikuwa kitandani nikijifanya nimelala. Alisema alipokuwa msichana waasi walimchukua nyumbani kwao usiku, akakaa nao msituni miaka mingi, na Lamaro alizaliwa hukohuko. Mumewe alijua, akamwoa na kumpokea mtoto kama wake. Pale Naguru hakuna mwingine aliyejua.

"Dada, hii maneno iko ya wewe na mimi tu," alisema.

Mama alimshika, wakalia pamoja. Mimi, Mungu anisamehe utoto wangu, niliona kuzaliwa msituni ni jambo la fahari. Nilitaka kumwuliza Lamaro kama kulikuwa na nyani.

Alhamisi ilikuwa siku ya ushirika wa walokole, nyuma ya kambi, chini ya kipaa cha bati karibu na bomba la maji. Kiongozi aliita mahitaji ya maombi, na kila mmoja akasimama na lake: homa, karo, mume mlevi. Mama akasimama. Alikuwa na machozi. Akaomba wamkumbuke dada Mama Lamaro, aliyepita mikononi mwa waasi, na yule mtoto aliyezaliwa huko, ili Bwana awaponye. Alisema kwa upendo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba angekuwa mbaya ningejua la kufanya na hasira yangu.

Baba alipenda kusema kwamba ukitaka habari ienee Naguru, usihangaike na redio, omba kuombewa. Jioni ile hakusema. Siku chache baadaye watoto walikuwa wamepanga foleni ya madumu bombani, na Lamaro alipofika mmoja akapaza sauti: "Mtoto ya msitu amekuja!" Wengine wakasogea ili asiwaguse.  Lamaro aliinua dumu lake tupu akarudi nalo, na tangu siku ile alichota maji mbali, chini barabarani. Nilimfuata mara moja nikamwita. Hakugeuka.

Mlango wa Mama Lamaro ukafungwa. Hakuja tena kuomba kaa la moto, wala harufu ya simsim haikutoka. Mama alishangaa kweli. "Mimi nilimwombea," alimwambia Baba. "Tangu lini maombi yamekuwa umbea?" Baba alitandika mkeka wake akaswali, na nadhani swala ile ilikuwa ndefu kuliko kawaida.

Nilimtaka rafiki yangu. Hakuna jambo lingine nililolitaka. Mtoto hawezi kumkemea mama yake, hasa mama mlokole kutoka Busia mwenye mwiko mkononi. Ndipo mchana mmoja, tukichambua maharage kwenye ungo uleule, nikasikia mdomo wangu ukisema: "Mama, kulikuwa na mama mmoja, kule Mbale." Tororo ilikuwa yake, nikaona haya kuiingilia. Nikasema huyo mama alipewa kuku na jirani amfugie, akampenda sana kuku yule, akampeleka kanisani ili abarikiwe. Watu wa kanisani wakamla.

Mikono ya Mama ikasimama. "Huyo mama wa Mbale umemsikia wapi?"

"Nimemtunga."

Nilingoja kofi. Aliokota jiwe moja dogo akalirudisha palepale. "Alikuwa ameokoka?"

"Ndiyo."

"Basi lazima atubu."

"Atatubu kwa nani?" niliuliza. Alirudia kuchambua maharage. Hadithi yangu haikuwa na mwisho.

Mama alikwenda kutubu kwa njia pekee aliyofundishwa. Kwa walokole dhambi husemwa mwangani, mbele ya ndugu, wazi, bila kuficha kitu. Alhamisi iliyofuata alisimama tena chini ya lile bati, watu wakisubiri maji bombani, akalia akasema amekosa, amefichua siri ya dada Mama Lamaro ya mambo ya msituni. Alieleza yote, kwa sababu toba nusu si toba. Wakaimba, wakamkumbatia. Waliokuwa hawajasikia, walisikia siku hiyo.

Kutoka pale alibeba ungo wenye maharage hadi mlangoni kwa Mama Lamaro, uso unang'aa, nami nyuma yake. Mama Lamaro alifungua. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Mama Esta," alisema, akimwita kwa jina langu, "mimi nimesamehe wewe. Mimi pia ni mtu ya kanisa. Lakini sasa umesema mara mbili."

"Nilikuwa natubu, dada."

"Ndiyo. Umetubu na jina yangu. Na jina ya mtoto yangu."

Hakupiga kelele. Aliutazama ungo, akatikisa kichwa, akafunga mlango polepole kama mtu anayefungia mgonjwa.

Mumewe aliomba uhamisho. Lori lilipokuja, Mama Lamaro aliteremka akamkabidhi Mama kopo la simsim iliyosagwa. Lamaro alikaa juu ya magodoro akitazama upande wa pili. Niliinua mkono, na mkono wangu ukakaa hewani mpaka lori likapotea. Kopo lile hatukulila. Mama aliliweka juu ya kabati, mafuta yakapanda juu, likachacha, na nyumba ikanuka miezi mingi. Hakuna aliyethubutu kulitupa.

Na mama wa Tororo hakurudi. Wagomvi walipokuja, Mama aliwaambia waende kwa mchungaji. Kambi iligombana kama kawaida, ila sasa ugomvi haukuwa na pa kwenda.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini yule mama alikuwa wa Tororo. Nilidhani Mama alimtunga ili kuficha ukweli. Alimtunga ili ukweli uingie na mtu abaki na nguo zake, asivuliwe mbele za watu. Alilijua hilo kwa mikono, jikoni, na akalisahau aliposimama kuomba. Sina uchungu na maombi. Naomba mpaka leo. Ila kwenye ushirika siwezi kulitaja jina la mtu. Namwachia Mungu amjue mwenyewe.

Mwaka wake wa mwisho Mama aliugulia kwangu, nilipokuwa nimepanga Makindye, amekonda, akipenda dirisha liwe wazi. Aliniuliza ninaandika nini mchana kutwa.

"Hadithi, Mama. Za kutunga."

"Uongo?"

"Uongo."

"Wamo watu wenye majina yao?"

"Hakuna hata mmoja."

Alifumba macho. "Basi andika," alisema.

Nimeandika. Yule msichana hakuitwa Lamaro. Lori halikutoka Naguru, na mama yake hakuwa Mwacholi. Mkikutana naye popote alipo, hamtamjua. Ya kweli ni simsim, na mkono wangu ule ulioinuka.