Siku Mdogo Wangu Alipoyavamia Mapipa ya Mzee kwa Shoka

Shoka lilitua kwenye pipa la kwanza wakati mimi bado natafuna mbavu za mwanakondoo.

Mshindo ulitokea chini ya sakafu. Sahani zikatetema. Mama akaniangalia, uso umempauka.

"Casilda, kimbia! Leoncio anatumaliza!"

Ngoja nianzie kule kwenye chanzo cha balaa.

Kwetu ni Briones, kijiji cha wakulima wa mizabibu huko La Rioja. Chini ya nyumba yetu kuna pango la mvinyo, na humo ndimo marehemu mzee wetu, Saturnino, alimotumia maisha yake yote. Majirani waling'oa mizabibu ya mvinyo mweupe wakapanda ya mwekundu, kwa sababu ndio uliokuwa unatoka sokoni. Mzee akagoma.

Aliukamua wake mweupe, akaulaza kwenye mapipa ya mwaloni miaka minane, wakati mwingine kumi. Watu siku hizi wanataka mweupe wa mwaka huuhuu, mwepesi kama maji ya kisima. Wa mzee ulitoka na rangi ya dhahabu, unanukia njugu na nta. Ukionja, unanyamaza kwanza.

Alifariki kabla ya Pasaka, akatuachia mapipa tisa.

Jumapili ya balaa, mchana, tulikuwa watatu mezani: mama, mimi, na Leoncio, mdogo wangu, ambaye anachomelea vyuma huko Bilbao. Nikamimina. Nikanyanyua glasi.

"Kwa mzee. Sijaona mikono mipole kama ile."

Leoncio akacheka kwa pua.

"Mipole? Mikono hiyohiyo ndiyo iliyonipasua sikio, dada. Mle chini, kwa mpira wa maji."

Ni kweli. Sikio lake la kushoto halisikii tangu akiwa na miaka tisa.

"Jamani, tunakula," mama akasema.

Mimi na mdomo wangu, sikuacha.

"Uliacha koki wazi, lita mia tano zikaishia mtaroni. Ulitegemea akupe peremende?"

Leoncio akaweka uma chini. Akafuta mdomo, akainuka, akatoka. Nikadhani anaenda kuvuta sigara.

Kumbe alipitia kwenye kuni, akachukua shoka.

Nilishuka ngazi mbilimbili. Nilipofika chini, mapipa mawili yalikuwa yamepasuliwa na mvinyo unanifika vifundoni. Leoncio alikuwa kwenye la tatu, anapiga huku analia kama mtoto.

"Weka shoka chini, mshenzi wewe!"

"Sogea, Casilda! Nitakukata!"

Nikamrukia mgongoni. Akanirusha ukutani. Nikainuka, nikamng'ata kiganja mpaka nikaonja damu. Akanguruma, akazungusha shoka, mpini ukatua kwenye mkono wangu.

Nilisikia mfupa ukisema ka!

Mkono ukaning'inia kama soksi iliyolowa.

Hapo shetani alinipanda kichwani. Nikaokota nyundo nzito ya kugongea pete za mapipa kwa mkono uliobaki, nikamshindilia ya kichwa. Akapiga magoti. Nikamwongeza ya pili. Akaanguka kifudifudi ndani ya mvinyo, na ule mvinyo wa dhahabu ukaanza kuwa mwekundu.

Sitawadanganya. Nilinyanyua ya tatu, na ya tatu ilikuwa ya kuua.

Akajigeuza. Uso wote damu. Akasema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi:

"Piga tu. Nimeshazoea kupigwa kwa makosa yako."

"Makosa yangu yapi?"

"Siku ile nilikuwa nyuma ya pipa la pembeni. Nilikuona unafungua koki uonje. Mama akakuita, ukakimbia hukuifunga."

Nyundo ikanitoka mkononi.

Ndugu msomaji, ni kweli. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mzee aliuliza nani kafanya, nikatazama viatu vyangu. Akamchukua Leoncio kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mtundu. Nikasimama juu ya ngazi nasikiliza kile kipigo, mpaka nikaziba masikio. Miaka thelathini na tatu niliamini hakuna anayejua. Mwisho nikajidanganya mpaka nikamwona kweli ndiye mkosaji.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ungekufa. Ulikuwa mwembamba kama fito." Akatema damu. "Ningeenda nalo kaburini, dada. Lakini leo umenicheka. Mezani."

Hospitalini, huko mjini Logroño, yeye alishonwa nyuzi kumi na tisa, mimi nikawekewa chuma mkononi. Daktari akauliza kulikoni. Tukasema kwa pamoja: pipa limetuangukia.

Akakiangalia kiganja cha Leoncio.

"Pipa lenye meno?"

Leoncio akakificha chini ya shuka.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama kila kitu, hapohapo jikoni, mkono ukiwa kwenye bandeji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanizaba kofi. Ana miaka themanini na moja, lakini mdomo wangu ulichanika.

Sikulia. Nilijua ni langu.

Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo kinaninyima raha. Akaunyanyua mkono uleule, akajizaba mwenyewe, kwa nguvu ileile.

"Na mimi nilikuwa hapahapa," akasema. "Nilimsikia mwanangu analia chini, nikaendelea kumenya viazi."

Leoncio bado hajanikumbatia. Lakini Jumapili anakuja, anakaa upande ambao sikio lake zima linanielekea, na mimi naongea naye bila kejeli.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu aliyewahi kula kipigo chako, mfuate leo umwambie kwamba unajua. Usimsubirishe mpaka ashike shoka.