Jezi Iliyobaki Chini ya Lundo

Juzi nilikuwa kwenye mitumba pale Ilala, muuzaji anapiga kelele "Chagua, chagua!" mpaka masikio yanauma. Mzee mmoja mwenye balaghashia akavuta kutoka chini kabisa ya lundo jezi ya mpira wa Kimarekani, pana mabegani. Akasoma jina mgongoni, akaganda.

"Namjua huyu," akasema. "Enzi zile naosha vyombo Marekani, timu zilikaa siku tatu kuchagua vijana wa kusajili. Huyu hakuna aliyemtaja. Akaenda mwenyewe kuomba majaribio. Kazi yake kukumbatia mpira na kupenya katikati ya mijitu. Alidumu miaka minane, mpaka goti likakataa."

"Kama wapagazi wa Kariakoo," muuzaji akacheka. "Lakini mzee wangu, hiyo tangu asubuhi wanaishika na kuiacha."

Mimi nikakumbuka chandimu ya mtaani kwetu. Manahodha wawili wanachagua mmoja mmoja, nabaki peke yangu na ndala mkononi, mpaka mmoja aseme kwa uchovu, "Haya, na wewe njoo."

Mzee akaikunja jezi taratibu, akaibana kwapani kama mpira.

"Umechagua hiyo?" muuzaji akauliza.

"Nimemchagua," mzee akajibu.

Mwalimu wangu wa Kiswahili angemwekea mkasi wa kosa hapo, maana jezi si mtu. Mimi nilimwekea vema.