Ndala ya Kumi na Saba

Enzi zetu mtu hakupanda mashua ya Baba na ndala zote mbili. Moja ilibaki mguuni, nyingine ilitumbukia kapuni, na kapu nililishika mimi, binti wa miaka kumi mwenye sauti kubwa kuliko injini. Ukishuka, unachukua yako. Hivyo Baba alijua nani bado yuko majini na nani keshafika kwao, bila karatasi wala kalamu. Na aliyekuja pekupeku? Huyo alitoa kofia. Akileta ubishi, nilichukua kuku wake.

Hapa Kigali nikisema nimekulia mwambaoni, watu wananiuliza habari za Mombasa. Mwambao wetu sisi ni wa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, ambako wazazi wetu walituzalia. Tuliolelewa kule tukikutana leo kituo cha basi cha Remera, salamu ni neno la kwanza, la pili ni ndagala, dagaa wa ziwa letu. Shule zikifungwa, wenzangu walibaki mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura, kuruka kamba. Mimi nilikwenda na Baba hadi Rumonge na kurudi Bujumbura, tukisimama kila kijiji chenye mtu wa kupunga mkono, mashua imejaa madumu ya mawese na magunia ya ndagala kavu.

Mawese, petroli na samaki vikikaa pamoja siku tatu, nguo haifuliki tena, unaizika. Injini ilizima kila ilipojisikia. Baba aliifunga kwa mpira wa baiskeli, kisha akaibembeleza kama mkwe aliyenuna. Siku moja dumu lilipasuka, na watu wazima wenye heshima zao wakateleza mmoja mmoja hadi nyuma ya mashua. Mama Hadija, mfanyabiashara wa ndagala, alifika wa mwisho, amekalia mfuko wake wa chumvi.

"Chumvi ipo, mafuta yapo," alisema. "Nani analeta moto?"

Moto ulikuwepo: jiko la mkaa lililofungwa kwa waya, tukisonga ugali wa muhogo. Upepo ukigeuka, tulikula majivu. Watoto wa leo wakikuta unywele mmoja kwenye chipsi wanataka kubadilishiwa sahani, na mgahawa pia.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Kila kituo aliniuliza lile lile: "Umehesabu mara mbili?" Nami nilijibu, "Mara mbili, Baba." Na kweli nilikuwa nimehesabu mara mbili. Isipokuwa siku moja.

Tulikuwa tunatoka Rumonge. Nilihesabu ndala kumi na sita, nikaliweka kapu chini, nikashuka kukimbilia mandazi ya moto pale ufukweni. Nyuma yangu akapanda Mzee Sefu, mfumaji wa mikeka, mpole, mtu asiyeomba hata kusogezewa nafasi. Ndala yake aliitia kapuni mwenyewe. Nilimwona. Nilikuwa na andazi mdomoni. Baba alikuwa ameinamia injini, hakumwona.

"Umehesabu mara mbili?"

"Mara mbili, Baba."

Katikati mlikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo mzee akaenda kukaa mbele kabisa, juu ya mikeka yake. Tulisimama kijiji kimoja, hakushuka mtu, tukaendelea. Alasiri mvua ikatukuta na mawimbi yake. Sote tulijifunika turubai, tukishikana, kila mtu akimtaja Mungu kwa jina alilofundishwa kwao. Wimbi moja lilituinua likatuangusha vibaya. Mvua ilikuwa nzito, Baba aliyeshika usukani nyuma hakuiona hata pua ya mashua.

Ilipokatika, turubai likafunuliwa. Mbele palikuwa peupe. Mikeka haikuwepo.

"Yule wa mikeka?" mtu mmoja akauliza.

"Si alishuka kile kijiji?" Mama Hadija akajibu.

Baba akahesabu vichwa. Kumi na sita. Akanigeukia. "Rumonge tulipakia wangapi?"

Kapu lilikuwa miguuni pangu. Ningeinama tu. Lakini ningeinama, angejua kwamba kule Rumonge sikuhesabu mara ya pili.

"Kumi na sita, Baba."

Akawasha injini, tukaenda zetu.

Bujumbura kila mtu alichukua ndala yake. Kapuni ikabaki moja, ya bluu, ya mguu wa kushoto, imeshonwa kwa uzi wa mikeka. Baba aliitazama, kisha akanitazama mimi. Alijaza petroli, akageuza mashua kurudi ziwani, yeye na wanaume wawili. Walirudi kesho yake na mkeka mmoja uliolowa.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Safari iliyofuata kapu alilishika mwenyewe, na lile swali lake hakuniuliza tena. Nililingoja hadi siku tulipomzika.

Sasa nauza viatu vya mitumba Gitega, mtaa wa hapa hapa Kigali. Nje napanga kimoja kimoja, wenzake wako ndani, maana mwizi wa mjini hana kazi na mguu mmoja. Mteja akisema, "Mama, punguza," namuuliza nipunguze kisigino au soli. Vijana wa leo wanakwenda Ziwa Kivu kutembea na boti, wamevaa majaketi ya kuelea yenye filimbi, simu inawaambia walipo hadi hatua ya mwisho. Wakirudi, wanahesabu waliopenda picha zao. Nawacheka. Lakini kama mzee yule angekuwa na filimbi tu, ile ya plastiki, ningekuwa mtu mwingine.

Jioni wanangu watatu wanavua viatu mlangoni. Nahesabu sita. Nahesabu tena, sita.

"Mama, tuko watatu tu," mdogo ananicheka. "Mara mbili ya nini?"

Namwambia ni mazoea ya biashara. Kapu la Baba liko juu ya kabati, na ndala ya bluu imo. Hawajawahi kuniuliza ni ya nani, na mimi sijawahi kuwaambia.