Muuza Nyama na Viatu vya Heshima

Watu humwita Mama Miguu, naye huitika. Miaka kumi na minane ametengeneza miguu ya bandia katika karakana iliyo nyuma ya hospitali, na wateja wake huwatambua kwa mwendo kabla hajawaona sura.

Ndiyo maana Jumanne ile alishtuka muuza nyama alipoingia kwa magongo, mguu mpya aliomtengenezea ukiwa kwenye mfuko mgongoni.

"Mama, nimeurudisha. Hapa kwako natembea kama bwana harusi. Buchani unanisukuma nyuma, kama napanda mlima. Duka namwachia shemeji."

"Yule anayekata nyama kama anapasua kuni?"

"Huyohuyo. Nifanyeje?"

Mama Miguu akaukagua. Skrubu zimekazwa, kikombe cha kuingizia kigutu hakina ufa. Mguu haukuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomkera. Akamwambia auvae, akafunga karakana, wakaongozana hadi buchani.

Mlangoni muuza nyama akaketi kwenye kreti, akavua viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Wayo wa bandia akauvisha mfuko wa nailoni ili uteleze, akausukumiza ndani ya gambuti.

"Subiri. Hizo ndizo unazofanyia kazi?"

"Sasa nikanyage damu kwa viatu vya ibada?"

"Mbona kwangu hujawahi kuja nazo?"

"Nitaingiaje ofisi ya watu na gambuti zinazonuka utumbo? Nina adabu zangu, Mama."

Mama Miguu alicheka hadi akashika fremu ya mlango. Viatu vyeusi vilikuwa na kisigino cha kimo cha vidole viwili. Gambuti zilikuwa bapa. Mguu wa kuzaliwa hujirekebisha wenyewe. Wa bandia hubaki ulivyofungwa, na huu ulifungwa kwa kisigino kile; ndani ya gambuti ulimwegemeza nyuma.

"Adabu zako zimekuponza," akasema. "Na mimi nimekosa. Sikukuuliza kazini unavaa nini. Zile kandambili za nani?"

"Za shemeji."

Akachukua kisu, akakata visigino vya kandambili, akavipachika vipande ndani ya gambuti zote mbili, kuume na kushoto, ili kiuno kisiende upande.

"Tembea."

Muuza nyama akaenda hadi kwenye ndoano, akateremsha paja la ng'ombe, akalibeba hadi mezani bila kushika popote. Mteja aliyekuwa akimlalamikia shemeji pale mezani akamgeukia yeye.

"Shemeji," muuza nyama akasema, "vua aproni."

Shemeji aliivua haraka kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya pale. Kisha akaanza kutafuta kandambili zake.